Leseni ya kurusha ndege ni mwanzo tu wa safari ndefu

LESENI ya urubani wa kibinafsi ni ndoto ambayo Wakenya wengi huiota tangu utotoni, wakati mtoto anaposimama uani na kuipungia mkono ndege inayopita juu ya paa. Wachache wanaobahatika kuitimiza hupitia miezi mingi ya masomo ya darasani, mitihani ya nadharia, saa kadhaa angani wakiwa na mwalimu na, hatimaye, jaribio mbele ya mtahini.

Siku ya kupokea leseni hiyo huwa ya shangwe. Jamaa hutoa pongezi, picha hupigwa kando ya ndege, na marafiki huanza kupanga foleni wakitaka kupelekwa Malindi au Lamu wakale samaki na kurejea jioni.

Hata hivyo, shangwe hiyo inapopoa ndipo rubani mpya huanza kukumbana na maswali ambayo hayakuwa kwenye mitihani. Ndege ataipata wapi? Petroli ataigharamia vipi? Je, hali ya hewa itamruhusu? Na ujuzi alioupata kwa jasho utadumu kwa muda gani iwapo anaruka mara moja tu kwa miezi kadhaa?

Urushaji wa ndege kwa burudani si jambo geni hapa nchini. Klabu ya Aero Club of East Africa iliasisiwa mwaka 1927, nayo kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa na Bi Florence Kerr Wilson mwaka 1929. Ni jina la mama huyo ambalo uwanja wa ndege wa Wilson, jijini Nairobi, unalibeba hadi leo. Kwa hivyo, mengi kati ya yanayompata rubani mpya wa leo yaliwapata pia waliomtangulia.

Leseni inaruhusu nini?

Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo Kenya ni mwanachama wake, anayetaka leseni ya kibinafsi sharti awe ametimiza umri wa miaka 17. Aidha, anatakiwa kuwa na angalau saa 40 za kuruka, au 35 iwapo alisomea katika mpango wa mafunzo ulioidhinishwa.

Kati ya saa hizo, 10 anapaswa kuruka akiwa peke yake, chini ya usimamizi wa mwalimu. Mojawapo ya safari hizo lazima iwe ya umbali usiopungua kilomita 270, ambapo hutua katika viwanja viwili tofauti.

Ukizipima saa 40 kwa mizani ya kazi ya kawaida, ni sawa na juma moja tu la mwajiriwa wa ofisini. Ndiposa wakufunzi wengi huwaambia wanafunzi wao kwamba leseni hiyo ni kibali cha kuendelea kujifunza.

Isitoshe, leseni yenyewe ina mipaka. Mwenye leseni ya kibinafsi haruhusiwi kulipwa kwa kazi ya kurusha ndege, wala kubeba abiria au mizigo kwa biashara. Anayetaka kuvuna riziki angani hana budi kurejea darasani na kutafuta leseni ya kibiashara.

Leseni hiyo pia, katika hatua ya kwanza, ni ya kuruka mchana na kwa kutumia macho, yaani pale ambapo rubani anaiona ardhi na upeo wa macho. Kuruka usiku au ndani ya mawingu huhitaji mafunzo na vibali vya ziada.

Hapa kwetu karibu na ikweta, jua huchwea kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Rubani aliyechelewa kuondoka pwani baada ya chakula cha mchana hana mwangaza wa kumsubiri.

Kadhalika, lazima afya yake ithibitishwe na daktari aliyeidhinishwa. Viwango vya ICAO huruhusu cheti cha afya cha rubani wa kibinafsi kudumu hadi miezi 60, lakini muda huo hupungua hadi miezi 24 anapopita umri wa miaka 40, na hupendekezwa uwe miezi 12 anapopita miaka 50. Cheti kikiisha muda wake, leseni haimruhusu kuruka hata kama ustadi wake haujapungua.

Mfuko ndio hutoboka kwanza

Wengi wanaotundika leseni ukutani hawafanyi hivyo kwa sababu ya woga. Hushindwa na gharama.

Ndege inayotumiwa sana na marubani wa aina hii ni Cessna 172, yenye injini moja na viti vinne, ambayo iliingia sokoni mwaka 1956. Zaidi ya ndege 40,000 za aina hiyo zimeundwa, na hakuna ndege nyingine iliyowahi kuundwa kwa wingi kiasi hicho. Ikiwa angani, hunywa takriban lita 35 za petroli kwa saa na kwenda kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa.

Petroli hiyo si ile ya magari, wala si mafuta ya taa yanayotumiwa na ndege kubwa za abiria. Ni petroli maalumu ya ndege, iliyotiwa risasi, ambayo huuzwa kwa bei ya juu na haipatikani katika kila kiwanja.

Tuchukulie mfano wa safari ya kutoka Wilson hadi Malindi. Umbali wake kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 420, kwa hivyo Cessna 172 itatumia muda unaozidi saa mbili kidogo. Kwenda na kurudi ni zaidi ya saa nne, na petroli itakayoteketea inakaribia lita 150, bila kuhesabu ya akiba.

Pepo za kusi zikivuma kutoka kusini-mashariki, hesabu hiyo hubadilika. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiikabili ndege usoni, safari ya kwenda huongezeka kwa zaidi ya dakika 20. Kwa kuwa tangi za ndege nyingi za aina hii hubeba petroli ya kiasi hicho hicho cha lita 150, rubani lazima ahakikishe mapema kwamba atapata ya kuongeza huko aendako. Akibahatisha, huenda akalala pwani bila kupenda.

Juu ya petroli kuna kodi ya ndege yenyewe, ada za kutua na kuegesha, na bima. Anayemiliki ndege hulipia pia banda la kuihifadhi na ukaguzi wa mafundi walioidhinishwa kila inapotimiza saa kadhaa angani. Injini nyingi za aina hii hupaswa kufunguliwa na kutengenezwa upya baada ya takriban saa 2,000, kazi ambayo hugharimu fedha nyingi.

Kwa sababu hiyo, abiria wa kawaida anayekata tiketi ya kwenda pwani katika shirika la ndege hutumia fedha chache zaidi, hufika mapema zaidi, tena hupewa maji ya kunywa njiani. Anayejifunza urubani kwa matumaini ya kuokoa nauli anajidanganya. Anayelipia gharama hizo hulipia raha ya kuwa yeye mwenyewe kwenye usukani.

Viti vinne, watu watatu

Jambo la pili linalomshangaza rubani mpya, na kuwaudhi marafiki zake, ni uzito.

Ndege nyingi za Cessna 172 za miaka ya 1970 huruhusiwa kupaa zikiwa na uzito usiozidi kilo 1,043. Ndege tupu huwa na uzito wa karibu kilo 660, ikitegemea vifaa vilivyomo. Tangi zikijazwa, petroli ina uzito wa karibu kilo 109. Kinachosalia kwa ajili ya watu na mizigo ni takriban kilo 274.

Watu wazima wanne wenye kilo 80 kila mmoja wana kilo 320. Haiwezekani. Watatu wakiwa na mikoba midogo wanatosha. Wa nne akisisitiza kuja, itabidi petroli ipunguzwe, na petroli ikipunguzwa, Malindi haifikiki bila kutua njiani.

Hesabu hii haina urafiki wala undugu. Rubani anayeona haya kumwambia shemeji yake kwamba hapana nafasi, huku kiti kikionekana wazi ni kitupu, anahatarisha maisha ya wote waliomo.

Hewa nyepesi ya nyanda za juu

Uzito huo huwa hatari zaidi katika viwanja vyetu vya bara. Uwanja wa Wilson uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, Nanyuki uko juu zaidi ya hapo, nao uwanja wa Eldoret unakaribia futi 7,000.

Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na joto nalo huifanya iwe nyepesi zaidi. Adhuhuri yenye nyuzi 27 za joto uwanjani Wilson, ndege huhisi kana kwamba iko zaidi ya futi 8,000 juu. Hapo, injini ya kawaida huwa imepoteza takriban robo ya nguvu zake, mbawa hupata hewa haba ya kuiinua ndege, na rafadha nayo huvuta kwa unyonge.

Matokeo yake ni kwamba ndege hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa na, ikishapaa, hupanda polepole. Rubani aliyejifunzia katika nchi iliyo karibu na usawa wa bahari, kisha akaja kukodi ndege Nairobi, anaweza kudhani injini imeharibika.

Magharibi mwa Nairobi kuna Milima ya Ngong, ambayo kilele chake kinapita futi 8,000. Upepo wa mashariki unapoivuka milima hiyo, hewa huporomoka upande wa Bonde la Ufa na kuivuta ndege chini. Kaskazini kuna Nyandarua, wenye kilele cha mita 4,001, na Mlima Kenya wenye mita 5,199. Cessna 172 haina uwezo wa kupita juu ya kilele cha Mlima Kenya, sharti iuzunguke.

Ndiyo maana marubani wenye uzoefu hupenda kuondoka alfajiri, hewa ikiwa bado baridi na tulivu. Alasiri huwa na joto, mitikisiko ya hewa na, katika maeneo kama Kericho na ufuo wa Ziwa Victoria, ngurumo na mvua ya mawe.

Dakika tatu ndani ya wingu

Pamoja na hayo yote, hatari inayoogopwa zaidi ni wingu linaloonekana kuwa jepesi.

Rubani asiye na mafunzo ya kuruka kwa vyombo anapoingia ndani ya wingu, hupoteza upeo wa macho. Sikio la ndani, ambalo humsaidia binadamu kusimama wima, huanza kumdanganya. Atahisi ndege imenyooka ilhali imeinama, na jitihada zake za kuisawazisha huiinamisha zaidi.

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo hayo kwa kuwaziba macho wasione nje, wakiwa na mwalimu kando yao. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege. Wastani wa muda waliochukua kabla ya kushindwa ulikuwa sekunde 178, yaani hata dakika tatu hazikutimia.

Utafiti huo ulikuwa na habari njema pia. Marubani hao walipofundishwa namna ya kugeuza ndege taratibu kwa kutazama vyombo na kurudi walikotoka, karibu wote walifaulu kila walipojaribiwa.

Mfano unaojulikana sana ni wa John F. Kennedy Jr., mwana wa rais wa zamani wa Marekani. Mnamo Julai 16, 1999, aliirusha ndege yake ya Piper Saratoga kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard, usiku, juu ya bahari iliyogubikwa na utusitusi. Alikuwa na leseni ya kibinafsi, lakini hakuwa na kibali cha kuruka kwa vyombo. Yeye, mkewe na shemeji yake walifariki. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipotewa na mwelekeo na kushindwa kuidhibiti ndege.

Hapa Kenya, mtego huo hutegwa wakati wa mvua za masika na vuli, na katika asubuhi za Julai na Agosti, ambapo mawingu mazito hutanda chini juu ya Nairobi. Aghalabu rubani huwa na kazi Jumatatu asubuhi na abiria wenye haraka ya kufika nyumbani. Haraka hiyo imewaponza wengi kuliko injini mbovu.

Anga yenye msongamano

Baadhi ya watu hudhani kwamba angani hakuna foleni. Uwanja wa Wilson ni miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi zaidi barani Afrika. Ndege za watalii, za madaktari, za miraa na za wanafunzi hutumia anga moja, karibu na uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta na kambi ya wanahewa ya Eastleigh.

Mnamo Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imetoka Wilson kuelekea Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Dash 8, iliyokuwa na watu 44, ilirejea na kutua salama. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa katika Cessna walifariki.

Tukio hilo liliwakumbusha marubani wote kwamba redio na mnara wa kuongozea ndege havimwondolei mtu wajibu wa kutazama nje. Rubani wa burudani, ambaye pengine hajaruka kwa miezi miwili, huingia katika anga hiyo hiyo pamoja na wale wanaoruka kila siku. Ni lazima aelewe maagizo mara ya kwanza, ajibu kwa ufasaha, na ajue alipo wakati wote.

Ujuzi huota kutu

Kanuni iliyozoeleka duniani humtaka rubani awe amepaa na kutua angalau mara tatu katika siku 90 zilizopita kabla ya kubeba abiria. Hicho ni kiwango cha chini. Kutua mara tatu alasiri moja tulivu hakumwandai mtu kukabiliana na upepo wa ubavuni, redio iliyozimika au injini inayokohoa.

Mathalan, ndege nyingi kuukuu hutumia kabureta, na katika hewa yenye unyevu kama ya pwani barafu inaweza kujitunga ndani yake hata kukiwa na joto la nyuzi 20. Rubani aliyezoea ataifungulia kabureta hewa moto mara moja. Aliyesahau atakuwa akijiuliza mbona injini inapoteza nguvu siku nzuri kama hiyo.

Kwa hivyo, wanaodumu katika burudani hii hujiwekea desturi. Badala ya safari moja kubwa kwa mwaka, huruka saa moja kila mwezi. Mara mbili au tatu kwa mwaka humlipa mwalimu akae kando yao na kuwapa mazoezi ya dharura. Wengine huungana watatu au wanne na kununua ndege moja kwa ubia, ili gharama zigawanywe. Wengine hufululiza kusomea kuruka kwa vyombo, hata kama hawakusudii kamwe kuingia ndani ya wingu.

Abiria naye ana haki

Mnamo Mei 14, 1931, Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri wa enzi za ukoloni, alipaa kutoka Voi kwa ndege yake ndogo ya Gipsy Moth. Ilianguka muda mfupi baadaye na kuwaka moto. Vitabu vingi vimemwandika Finch Hatton. Wachache humkumbuka Kamau, mtumishi wake Mkikuyu, aliyefariki pamoja naye.

Kamau hakuwa rubani. Hakuchagua ndege, wala njia, wala saa ya kuondoka. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila abiria wa ndege ndogo hadi leo: huyakabidhi maisha yake kwa mtu mmoja, ambaye mara nyingi ni rafiki.

Basi mpenzi msomaji, ukialikwa na jamaa aliyepata leseni, usione haya kumuuliza. Uliruka lini mara ya mwisho? Cheti chako cha afya kingali halali? Umetupima uzito sote pamoja na mizigo? Hali ya hewa ikoje huko tuendako, na ikibadilika tutatua wapi? Bima ya ndege inawahusu abiria?

Rubani mwema hatakasirika. Atafurahi, kwa kuwa ni maswali ambayo tayari amejiuliza mwenyewe alfajiri hiyo. Na akikujibu kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya mawingu yaliyotanda Ngong, usimnunie wala usimshawishi. Wahenga walisema, kawia ufike. Mshukuru, mkanywe chai pale uwanjani, kisha mpange siku nyingine.